Herufi za Baskerville: Uzuri Unaomtumikia Msomaji

Katika vitu ambavyo mwanadamu huvitumia kila siku bila ya kuvitazama, herufi za chapa ni miongoni mwa vya mwanzo. Tunasoma gazeti, tunasoma stakabadhi, tunasoma cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua iliyotoka ofisini, na macho yetu hupita juu ya herufi kama mguu unavyopita juu ya mchanga wa pwani. Habari tunaiona, herufi hatuioni. Na hivyo ndivyo inavyotakikana. Walakini, kutoonekana kwa kitu si dalili ya kuwa hakina mtengenezaji. Kila herufi iliyomo katika ukurasa huu imechorwa na mkono wa mtu, ikapimwa, ikasahihishwa, na kila mkunjo wake umeamuliwa na mtu aliyekuwa na sababu ya kuukata hivyo na si vinginevyo.

Leo tumekusudia kuwaeleza ndugu wasomaji habari za aina moja ya herufi, nayo ni ile iitwayo Baskerville. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni herufi nzuri, ambayo wajuzi wa fani ya upigaji chapa wanaiheshimu tangu karne ya kumi na nane. Pili, historia yake ina mafunzo kwa kila anayeandika kwa ajili ya umma, awe katibu wa wizara, mwalimu mkuu wa skuli au sheha anayebandika tangazo kwenye ubao nje ya ofisi yake. Mtu anapoandika kwa niaba ya Serikali, namna maandishi yake yanavyoonekana si jambo la pambo tu. Ni sehemu ya haki ya msomaji.

Mwalimu wa hati

John Baskerville alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa kijiji cha Wolverley katika jimbo la Worcestershire. Alibatizwa mwezi wa Januari mwaka 1706 kwa hesabu ya kalenda ya zamani, ambao kwa kalenda ya sasa ni mwaka 1707. Hakuanzia katika upigaji chapa hata kidogo. Alipohamia mji wa Birmingham alifundisha watu mwandiko mzuri, na papo hapo akafanya kazi ya kuchonga maandishi katika mawe ya makaburi. Limebaki mpaka leo bamba la jiwe aliloliandika kwa mkono wake kutangaza kazi hiyo, na ndani ya bamba hilo dogo amechonga maandishi ya namna mbalimbali ili mteja achague.

Baadaye, mnamo miaka ya 1740, aliingia katika biashara ya kupaka vyombo vanishi nyeusi inayong'aa, kwa mtindo uliokuwa ukiigwa kutoka nchi za Mashariki. Masinia na visanduku vilivyotoka katika karakana yake vilipendwa sana, naye akatajirika. Akajenga nyumba kubwa iliyoitwa Easy Hill, na angeweza kukaa humo akala matunda ya jasho lake bila ya kuongeza neno. Lakini mnamo mwaka 1750, umri wake ukiwa umepita miaka arubaini, akaanza kazi mpya kabisa: kutengeneza herufi na kupiga chapa vitabu. Mwenyewe alieleza, katika utangulizi wa kitabu alichokichapa mwaka 1758, kuwa tangu zamani alikuwa mtu wa kupenda uzuri wa herufi, na kwamba upendo huo ndio uliomfanya atamani kuchangia katika kuziboresha.

Tunapenda wasomaji walizingatie jambo hili. Mikono iliyozichora herufi hizi ilikuwa imeshafundishwa na kalamu, ikafundishwa na patasi ya jiwe, ikafundishwa na brashi ya vanishi. Hakuna fani iliyopotea. Kalamu ilimfundisha mahali pa unene na mahali pa wembamba, jiwe likamfundisha umbo lisilo na maneno mengi, na vanishi ikamfundisha weusi unaong'aa. Hayo matatu ndiyo tutakayoyaona katika kurasa zake.

Miaka ya matayarisho

Kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Virgil katika Kilatini, hakikutoka mpaka mwaka 1757. Yaani alikaa karibu miaka saba akijitayarisha na kutumia fedha zake, bila ya kuuza hata ukurasa mmoja. Wapo walioona kuwa huo ni uzembe au wazimu wa tajiri. Lakini tukitazama alichokuwa akikifanya, tutaelewa.

Zama hizo herufi zilitengenezwa hivi. Fundi alichukua kipande cha chuma kigumu, akakichonga ncha yake mpaka ikawa na umbo la herufi moja, tena iliyogeuzwa kama ionekanavyo katika kioo. Chuma hicho kiligongwa juu ya kipande cha shaba, kikaacha alama. Shaba ikawekwa ndani ya kalibu, kisha ikamiminwa risasi iliyoyeyushwa pamoja na bati na antimoni. Ilipopoa ikatoka herufi moja. Kazi ikarudiwa kwa kila herufi, kubwa na ndogo, zilizosimama na zilizolala, kwa kila tarakimu na kila alama ya mkato, na kwa kila kipimo kipya cha ukubwa. Fundi aliyemchongea Baskerville ncha hizo za chuma alikuwa John Handy. Baskerville alichora na kukagua, Handy akachonga, na kisichomridhisha mwenyewe kilirudiwa.

Lakini herufi peke yake haitoshi, na hapa ndipo ulipo ukubwa wa mtu huyu. Alitambua kuwa mistari myembamba aliyoitaka isingeweza kuonekana katika karatasi za siku zile, ambazo zilikuwa na makovu ya nyaya za chekeche. Basi sehemu ya kitabu cha Virgil ikachapwa juu ya karatasi za aina mpya, zilizotengenezwa na James Whatman kwa chekeche la nyaya zilizofumwa karibukaribu kama kitambaa, zikatoka laini bila ya mistari. Akaona wino uliopo ni wa kijivujivu, akatengeneza wake kwa mafuta ya kitani yaliyochemshwa na masizi mazuri, ukawa mweusi kweli kweli. Akaona mtambo wa kuchapia unabonyea na kuzichosha herufi, akautengeneza mtambo imara wenye sahani ya shaba na kitambaa kigumu nyuma ya karatasi, ili herufi iguse bila ya kuchimba. Mwisho, karatasi iliyokwisha chapwa aliikandamiza baina ya mabamba ya shaba yaliyopashwa moto, ikatoka nyororo.

Nasi tuliopitia chuoni kabla ya skuli, tuliosoma juu ya ubao na kuandika kwa kalamu ya utete na wino wa masizi, tunaifahamu vizuri hoja hii. Maalimu hakumsifu mwanafunzi kwa kalamu nzuri ilhali wino wake umekuwa maji, wala kwa wino mzuri ilhali ubao haujasuguliwa. Kazi ya maandishi ni mnyororo, na nguvu ya mnyororo ni nguvu ya pete yake iliyo dhaifu kuliko zote.

Sura ya herufi yenyewe

Sasa tuitazame herufi. Herufi za Baskerville ni za jamii yenye serifu, yaani vile vikanyagio vidogo vilivyo katika ncha za mistari, juu na chini. Herufi kubwa I isiyo na serifu ni kijiti kitupu. Yenye serifu ina kofia juu na nyayo chini. Umbo hilo ni la kale mno. Linaonekana katika maandishi yaliyochongwa na Warumi, kama yale yaliyo chini ya Nguzo ya Mfalme Trajan mjini Roma, iliyokamilika mwaka 113.

Kabla ya Baskerville, herufi iliyotawala Uingereza ilikuwa ya William Caslon. Hiyo ilifuata kalamu pana iliyokatwa mshazari, ambayo hutoa mstari mnene na mwembamba kwa kufuata pembe ya mkono. Ukiitazama herufi o ya namna hiyo utaona unene wake umelala upande, kama kwamba herufi imeegemea ukuta. Baskerville alikuwa mwalimu wa hati katika zama ambazo kalamu yenye ncha kali ilikuwa imeenea. Kalamu hiyo haitoi unene kwa pembe. Hutoa unene kwa nguvu ya mkono: ukikandamiza, mstari hunenepa, na ukilegeza, hukonda. Kwa hiyo herufi o yake imesimama wima, unene uko kulia na kushoto, na wembamba uko juu na chini. Tofauti baina ya mistari minene na myembamba imeongezeka, serifu zimekuwa kali na zimenyooka zaidi, na mviringo umekuwa mviringo kweli.

Waandishi wa historia ya chapa wanaziita herufi zake kuwa ni za mpito. Ziko katikati ya herufi za kale za akina Caslon na zile za akina Bodoni wa Italia na Didot wa Ufaransa, waliokuja baadaye wakaifikisha tofauti ya unene na wembamba katika mpaka wake wa mwisho. Sisi tunaona neno hilo la mpito lisichukuliwe kuwa ni upungufu. Bodoni ni mzuri, lakini katika kurasa nyingi humchosha msomaji. Caslon ni mtulivu, lakini ana mikunjo yake ya kizee. Baskerville amesimama pale ambapo uzuri haujawa maringo.

Zipo alama za kumtambua. Herufi ndogo g ina kitanzi cha chini ambacho hakikufungwa, kimeachwa wazi kama mkono unaotaka kupokea. Herufi kubwa E ina mkono wa chini mrefu kuliko wa juu. W haina serifu katika kilele chake cha katikati. Q ina mkia mrefu unaokwenda chini kwa madaha kama utepe. Na zile herufi zilizolala, hasa herufi kubwa kama N na T, zinaonyesha dhahiri kuwa aliyezichora alikuwa mwalimu wa mwandiko.

Tena kuna jambo ambalo halimo ndani ya herufi bali liko pembeni yake, nalo ni nafasi. Wapiga chapa wa siku hizo walipenda kuijaza kurasa ya mwanzo ya kitabu kwa maua, mistari na picha. Baskerville akaviondoa karibu vyote. Akaacha herufi kubwa zilizotanuliwa vizuri, na weupe mwingi kuzizunguka. Alijua kwamba weupe wa karatasi si nafasi iliyopotea.

Bwana aliyeumwa na macho

Je, watu wa nchi yake walimpokea vipi? Wapo waliomsifu, lakini wapiga chapa na wauza vitabu wengi hawakumpenda. Mwaka 1758 aliteuliwa kuwa mpiga chapa wa Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1763 akatoa Biblia ya Kikristo ambayo mpaka leo inahesabiwa miongoni mwa vitabu vilivyochapwa kwa uzuri kuliko vyote katika Uingereza. Hata hivyo nakala nyingi hazikununuliwa, na ilibidi auze zilizobaki kwa bei ya hasara. Ilisemwa kuwa mistari yake ni myembamba mno, kuwa karatasi yake inang'aa mno, na kuwa yeye atawapofusha wasomaji wa taifa zima.

Katika hili kuna kisa ambacho kila mtoa maamuzi anafaa kukijua. Benjamin Franklin wa Philadelphia, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga chapa kabla ya kuwa mwanasiasa, alimwandikia Baskerville barua mwaka 1760 kumsimulia. Bwana mmoja alimwambia Franklin maneno hayohayo, kwamba herufi za Baskerville zinaumiza macho. Franklin akaingia chumbani kwake, akachukua karatasi ya mfano wa herufi za Caslon, akalichana jina la juu, akamletea yule bwana na kumwambia kuwa huo ndio mfano wa Baskerville, tena amwonyeshe kasoro zake. Bwana akaanza kuonyesha moja baada ya moja, huku akilalamika kuwa macho yanamuuma. Naye alikuwa akizitazama zile zile herufi ambazo alikuwa akizisoma maisha yake yote bila ya maumivu yoyote! Franklin hakumfedhehesha. Alimwacha aende na imani yake.

Macho hayakuwa na maradhi. Kilichokuwa na maradhi ni hukumu iliyotangulia kabla ya kutazama. Tumeshuhudia mara nyingi katika vikao jambo likikataliwa kwa sababu ya jina la aliyelileta, na jingine likikubaliwa kwa sababu hiyohiyo, bila ya mtu kufungua jalada. Dawa yake ni ile ya Franklin: lichane jina, kisha ulitazame jambo lenyewe.

Safari baada ya mwenyewe

Baskerville alifariki mwezi wa Januari mwaka 1775. Alikuwa amejaribu kuuza mitambo na herufi zake katika nchi yake na nje, hakufanikiwa. Mjane wake, Sarah, aliziuza mwaka 1779 kwa mwandishi wa Kifaransa Beaumarchais, ambaye alikuwa na kazi kubwa aliyoikusudia: kuchapa maandishi yote ya Voltaire. Kwa kuwa mengi ya maandishi hayo yalikuwa yamepigwa marufuku nchini Ufaransa, Beaumarchais aliweka mitambo yake Kehl, ng'ambo ya mto Rhine, nje ya mamlaka ya mfalme wa Ufaransa. Huko, katika miaka ya 1780, kikatoka chapisho la vitabu 70 kwa herufi za Baskerville. Basi herufi zilizokataliwa na wauza vitabu wa London zikasomwa na Wafaransa katika miaka iliyotangulia mapinduzi yao ya 1789.

Baada ya hapo zile ncha za chuma zilipita mikono mingi ya wafanyabiashara wa Ufaransa, na jina la mtengenezaji likasahauliwa. Katika karne ya kumi na tisa ni wachache walioziulizia. Zikafufuliwa baada ya mwaka 1917, pale Mmarekani Bruce Rogers, bingwa wa kupanga vitabu, alipoona mfano wake alipokuwa Cambridge akaitambua thamani yake. Mwaka 1923 kampuni ya Monotype ya Uingereza, ikishauriwa na Stanley Morison, ikatoa Baskerville mpya kwa ajili ya mitambo ya kisasa ya kupangia herufi, na tangu hapo ikawa ni moja katika herufi za kawaida za vitabu vya Kiingereza. Mwaka 1953 Charles Peignot, mkuu wa kampuni ya Paris iliyokuwa ikizimiliki, alivirejesha vile vyuma vya asili kama zawadi kwa matbaa ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Vikarudi nchini kwao baada ya zaidi ya miaka 170.

Matumizi yake leo

Zama za risasi zimekwisha, lakini herufi haikufa pamoja na risasi. Leo Baskerville imo katika kompyuta za Apple, na katika programu za ofisi za Microsoft imo ndugu yake aitwaye Baskerville Old Face, ambaye asili yake ni mwigo uliochongwa na Isaac Moore kwa kiwanda cha akina Fry katika karne hiyohiyo ya kumi na nane. Mwaka 1996 Bi Zuzana Licko alichora herufi zinazoifuata Baskerville akaziita Mrs Eaves, jina alilokuwa akilitumia Sarah kabla hajaolewa na Baskerville. Hilo lilikuwa ni tendo la kumkumbuka mwanamke aliyeshiriki katika kazi ya kiwanda na ambaye vitabu vya historia vilimpa mstari mmoja tu. Ipo pia Libre Baskerville, iliyotolewa mwaka 2012, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia bila ya malipo. Hiyo imekuzwa tumbo la herufi ndogo na kupunguzwa wembamba wake, ili isomeke vizuri katika kioo cha kompyuta.

Serikali nazo zimeitumia. Neno Canada ambalo Serikali ya nchi hiyo huliweka katika barua na majengo yake, lenye bendera ndogo juu ya herufi ya mwisho, limeandikwa kwa herufi za Baskerville zilizobadilishwa kidogo. Taifa zima limeridhika kujulikana kwa khati ya mchonga makaburi wa Birmingham.

Na je, lugha yetu inakaa vipi ndani ya nguo hii? Inakaa vizuri. Kiswahili sanifu hakina haja ya Q, kwa hiyo ule mkia unaosifiwa duniani kote sisi hatuupati isipokuwa katika majina ya kigeni. Lakini tuna k, w, y na z kwa wingi kuliko Kiingereza, na tuna irabu a ambayo hutokea karibu katika kila neno. Herufi hizo katika Baskerville ni pana na zina hewa ya kutosha, jambo ambalo lina faida kubwa kwa lugha yenye maneno marefu kama hawatatuandikishia au wanaokubaliana. Maneno kama hayo yakipangwa kwa herufi nyembamba zilizobanana huwa kama uzio wa miti, jicho halijui liingilie wapi. Vile vile tuna ile alama ya ng' katika ng'ombe na ng'ambo. Katika kompyuta nyingi alama hiyo hutoka kama kijiti kilichonyooka. Mwenye kuheshimu lugha yake aweke ile iliyopinda kama mkato, ambayo mchora herufi aliichora makusudi ikae juu ya mstari pamoja na wenzake.

Je, sura nzuri ni ushahidi?

Mwaka 2012 mtengenezaji wa filamu wa Marekani, Errol Morris, alifanya jaribio kupitia gazeti la New York Times. Aliwawekea wasomaji maelezo mafupi, akawauliza iwapo wanayakubali au wanayakataa. Wasichokijua ni kuwa maelezo yaleyale yalikuwa yakionyeshwa kwa aina sita tofauti za herufi. Walijibu watu zaidi ya 45,000. Maelezo yaliyoandikwa kwa Baskerville yalikubaliwa zaidi kuliko ya herufi nyingine zote. Tofauti haikuwa kubwa, ilikaribia asilimia moja na nusu tu, na jaribio moja la gazeti halitoshi kuwa hukumu. Lakini lilitosha kuwashitua watu wa fani hii.

Sisi tunaliona jambo hili kuwa ni zito kuliko linavyosikika. Ikiwa sura ya herufi inaweza kulifanya neno liaminike zaidi, hata kwa kiasi kidogo, basi mwenye kuandika kwa niaba ya umma amepewa amana. Uongo uliovalishwa nguo nzuri unabaki kuwa uongo, na madhara yake ni makubwa zaidi kwa sababu unapita mlangoni bila ya kusimamishwa. Na ukweli uliovalishwa matambara nao hudharauliwa. Anayeandika tangazo la chanjo kwa herufi ndogo zilizofifia ameuficha ukweli wake mwenyewe. Wajibu wa mtumishi ni kwanza kulihakikisha neno, kisha kulivisha nguo inayolistahiki. Hairuhusiki kuanza na nguo.

Basi twende kwenye mambo ya vitendo. Baskerville ina mistari myembamba, na hiyo ndiyo hatari yake. Barua iliyochapwa vizuri ikitolewa nakala, na nakala ikatolewa nakala nyingine, mistari myembamba huanza kufa: herufi e hupoteza kifungo chake ikafanana na c, na tarakimu 3 huweza kusomwa 8 au 8 ikasomwa 3. Katika waraka wa malipo au tarehe ya kesi, hilo si jambo dogo. Kwa hiyo nakala za wananchi zitolewe katika asili na si katika nakala ya nakala, na maandishi yasipungue ukubwa wa pointi 11 au 12. Kwa tangazo la ubaoni, ambalo mzee atalisoma akiwa amesimama, ukubwa uongezwe zaidi ya hapo, na nafasi baina ya mistari iwe ya kutosha. Tena tuache ile tabia ya kuandika tangazo zima kwa herufi kubwa tupu. Herufi ndogo zina vichwa na mikia, kama katika neno baraka au ghala, na vichwa na mikia hiyo ndiyo inayolipa neno sura ambayo jicho huitambua. Herufi kubwa zote zina kimo kimoja, na msomaji hulazimika kuzihesabu moja moja.

Hatusemi kuwa ofisi zote zitumie Baskerville. Ziko herufi nyingine njema, na zipo kazi, kama vibao vya barabarani, ambazo herufi zisizo na serifu zinazifaa zaidi. Tunachosema ni kuwa uchaguzi ufanywe kwa kumfikiria msomaji. Kompyuta humletea karani orodha ndefu ya herufi, naye huchukua iliyo ya mwanzo au iliyo na mapambo mengi. Yote mawili ni kutochagua.

Yupo mwananchi atakayesafiri kutoka kisiwa kidogo kwa dau, apande gari, afike mbele ya ubao wa matangazo kutafuta jina la mwanawe katika orodha au tarehe ya kusikilizwa shauri la shamba lake. Hatauliza herufi hizo zilichorwa na nani. Atataka kusoma, afahamu, na arudi kwao kabla maji hayajatoka. Baskerville alitumia miaka saba na mali yake ili msomaji wa namna hiyo asipate taabu ya jicho. Sisi hatutakiwi kutumia miaka saba. Kabla ya karatasi kubandikwa, tunatakiwa kusimama hatua tatu nyuma na kuisoma kwa macho ya yule aliyetoka mbali.